Damu ya mwisho wa mkojo inatoka wapi? Naomba ufafanuzi wa mfumo wa mkojo

MhudumuKijiji ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naandaa somo la afya kwa kikundi cha akina mama na wanafunzi wa darasa la saba, eneo lenye mabwawa na majaruba ya mpunga, na kichocho kipo. Mada ni mfumo wa mkojo. Michoro niliyonayo inaonyesha figo mbili, mirija miwili, kibofu, basi. Maswali ya watu yanazidi mchoro:

Maji mtu anayokunywa yanafikaje kibofuni? Wengi wanaamini kuna mrija wa moja kwa moja kutoka tumboni. Kwa nini mtoto mwenye kichocho anakojoa mkojo wa kawaida kabisa, halafu damu inakuja mwishoni? Ukibana mkojo unarudi kwenye figo? Na kiuno kikiuma, ni figo?

Naomba majibu yenye vipimo na sababu, si "nendeni hospitali" peke yake. Hospitali tutawaelekeza, ila nataka waelewe kwa nini.

Nefroni amejibu:

Mkuu, anza na hilo la maji, maana likieleweka mengine yanafuata.

Hakuna mrija wowote kati ya tumbo na kibofu. Maji yanafyonzwa na utumbo, hasa utumbo mwembamba, yanaingia kwenye damu, na kuanzia hapo hakuna tena "maji niliyokunywa", kuna damu tu. Figo haiijui glasi yako. Inaijua damu inayopita ndani yake. Ndiyo maana mtu akinywa lita nzima kwa mkupuo haendi msalani papo hapo: mkojo huanza kuongezeka baada ya robo saa hadi nusu saa, na kilele chake ni kama saa nzima baadaye. Katika muda huo damu inazimuka kidogo, ubongo unahisi, na tezi iliyo chini ya ubongo inapunguza homoni iitwayo ADH. Homoni hiyo ndiyo inayoiambia figo "rudisha maji mwilini". Ikipungua, maji yanaachiwa yaende.

Figo zenyewe ziko nyuma kabisa, nje ya utando unaofunika utumbo, zimeegemea misuli ya mgongo kushoto na kulia kwa uti wa mgongo. Mbavu za mwisho zinafunika sehemu yake ya juu. Kila moja ina urefu wa sm 10 hadi 12, upana wa sm 5 hadi 7, unene kama sm 3, na uzito wa karibu gramu 150. Ya kulia iko chini kidogo kwa sababu ini limekaa juu yake. Waambie wakunje ngumi, huo ndio ukubwa wa kukadiria.

Sasa angalia kazi. Moyo wa mtu aliyetulia unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, na figo mbili, ambazo kwa pamoja hazizidi sana gramu 300, zinapitisha zaidi ya lita moja ya hizo. Hakuna kiungo cha uzito huo kinachopewa damu nyingi hivyo kwa ajili ya kuishi tu. Damu hiyo inaletwa ili isafishwe.

Ndani ya kila figo kuna nefroni, vijiwanda vidogo mno vinavyotengeneza mkojo, wastani wa milioni moja hivi, ingawa watu wanatofautiana sana. Kila nefroni inaanza na kifundo cha mishipa myembamba kilichokaa ndani ya kikombe kidogo, kapsuli ya Bowman. Mshipa unaoingiza damu kwenye kifundo ni mpana kuliko unaoitoa, kwa hiyo presha ndani inapanda na maji yanasukumwa nje kupitia kuta zake. Chembe za damu na protini kubwa zinabaki. Maji, chumvi, sukari na urea (takataka ya protini) vinapita. Kinachochujwa ni kama mililita 125 kwa dakika kwa figo zote mbili. Zidisha kwa saa 24 upate lita 180. Maji ya damu yote mwilini ni kama lita 3 tu, maana yake yanachujwa mara 60 kwa siku.

Hapa ndipo watu wanapopotea wakisema "figo ni chujio". Chujio la chai linabakiza takataka na kupitisha kilicho safi. Figo inafanya kama mtu anayesafisha kabati: anatoa kila kitu nje, kisha anarudisha ndani kimoja kimoja kile anachokitaka. Kilichobaki sakafuni ndicho mkojo. Katika lita 180, zaidi ya 178 zinarudishwa. Mrija wa kwanza wa nefroni peke yake unarudisha kama asilimia 65 ya maji na chumvi, pamoja na sukari yote. Lakini wapagazi wa sukari, yaani protini zinazoibeba kuirudisha kwenye damu, wana kikomo: sukari ya damu ikipita karibu milimoli 10 kwa lita wanazidiwa, inayobaki inatoka kwenye mkojo na inavuta maji pamoja nayo. Ndiyo sababu mwenye kisukari kisichodhibitiwa anakojoa sana na kiu haimuishi.

Baada ya hapo kuna kitanzi cha Henle, sehemu ya mrija wa nefroni iliyojikunja, kinachoshuka katikati ya figo na kupanda tena, kikijenga chumvi nyingi kule ndani, na mwisho mirija ya kukusanyia ambako ADH inaamua maji mangapi yavutwe na chumvi ile. Figo yenye afya ya mtu mzima inaweza kuukoleza mkojo mpaka takataka za siku zitoke kwa kiasi cha nusu lita hivi. Chini ya hapo haiwezi. Mtu asiyekula wala kunywa bado lazima atoe mkojo huo. Usipotoka, sumu zinabaki.

Figo zina kazi nyingine ambazo hazionekani msalani: zinatoa homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, zinaiamsha vitamini D ifanye kazi kwenye mifupa, na zinasimamia presha kwa kutumia kemikali iitwayo renini na chumvi. Ndiyo maana mwenye figo zilizochoka anakuwa na upungufu wa damu hata akila matembele kila siku.

NesiWodi4 amejibu:

Nefroni amemaliza ya juu, mimi nachukua kuanzia figo kushuka.

Kwanza majina, maana Kiswahili cha mtaani kinaita yote "njia ya mkojo" na hapo somo linavurugika. Kuna mirija miwili ya juu, kila figo na wake, inayoitwa ureta. Kuna mrija mmoja wa chini unaotoka kibofuni kwenda nje, huo tuuite mrija wa mkojo. Mkichora, tumieni rangi mbili.

Ureta ina urefu wa sm 25 hadi 30 na uwazi wa milimita 3 au 4 tu. Mkojo hautiririki humo kama maji ya bomba. Ukuta wa ureta ni msuli, unajikamua mara kadhaa kwa dakika kutoka juu kwenda chini, mkojo unaingia kibofuni kwa vimiminiko vidogo vidogo. Ndiyo maana hata aliyelala kitandani siku nzima mkojo wake unashuka. Ureta ina sehemu tatu nyembamba: pale inapoanzia kwenye fuko la figo (mkojo unapokusanyika kabla ya kushuka), pale inapovuka mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na pale inapopenya ukuta wa kibofu. Jiwe likishuka, linakwama mojawapo ya sehemu hizo tatu, na ya mwisho ndiyo nyembamba zaidi.

Kuhusu kubana mkojo: kwa mtu mwenye afya haurudi. Ureta haiingii kibofuni wima kama bomba linavyoingia kwenye tangi. Inapenya ukuta kwa mshazari, inatembea ndani ya ukuta wenyewe karibu sm 1.5, kisha ndiyo inafunguka. Kibofu kikijaa, ukuta unatanuka na kuukandamiza huo mfereji ukafungika. Kadiri kinavyojaa ndivyo mlango unavyobanwa zaidi.

Kibofu cha mtu mzima kinaanza kutuma taarifa kikifika mililita 150 hadi 200. Kikifika 300 au 400 haja ni ya kweli. Wengi wanachukua 400 hadi 600. Kwa watoto kuna hesabu rahisi: ongeza 2 kwenye umri, zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 6 ana kibofu cha mililita 240, chini ya kikombe kikubwa cha chai, kwa hiyo mwalimu anayemkatalia ruhusa kipindi kizima aelewe anakatalia nini.

Kutoka kibofuni kuna vibanio viwili. Cha ndani kinajiendesha chenyewe. Cha nje ni msuli tunaoutawala kwa hiari, na ndio mtoto anajifunza kuutumia. Wakati wa kukojoa ubongo unatoa ruhusa, kibanio cha nje kinalegea, na ukuta wa kibofu unajikunja. Agizo la kujikunja linapita kwenye mishipa ya fahamu inayotoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Aliyeumia mgongo akapoteza mawasiliano hayo anaweza kuwa na kibofu kilichojaa asijue.

Halafu akina mama. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni sm 4 hivi, wa mwanaume ni sm 18 hadi 20. Tundu la mwanamke liko karibu na uke na njia ya haja kubwa, na bakteria wanaosababisha maambukizi mara nyingi ni E. coli, wakazi wa kawaida wa utumbo mpana. Safari ya sm 4 kwao ni fupi. Kinga kubwa ya mwili ni mkondo wenyewe: kila ukikojoa unawafagia nje. Hapo ndipo kubana mkojo kunapoleta madhara, si kwa kuurudisha figoni bali kwa kuwapa bakteria muda. Mazingira yakiwafaa wanagawanyika kila dakika 20 hivi. Mmoja anakuwa 64 ndani ya saa mbili. Kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma, na kukojoa baada ya tendo la ndoa, kunatokana na hesabu hiyohiyo.

Hesabu hiyo pia inaharibu sampuli. Mkojo wa kupima UTI (maambukizi ya mfumo wa mkojo) ukiokotwa ovyo unaleta majibu ya uongo, na mtu anakunywa antibaiotiki bure. Anawe mikono, mwanamke atenganishe mashavu ya uke na kusafisha kwa maji, mwanaume asiyetahiriwa avute govi nyuma. Aanze kukojoa chooni, mkojo wa kwanza uende na uchafu wa mlangoni, kisha bila kukata mkondo aingize kikopo, apate mililita 10 hadi 20, akitoe kabla mkojo haujaisha. Asiguse ndani ya kikopo wala kifuniko. Ufike maabara ndani ya saa moja, isizidi mbili. Ikishindikana, uwekwe kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, na huko usipite saa 24.

MaabaraChini amejibu:

Dada Nesi asante kwa hilo la kikopo. Lakini mkuu aliyeuliza aangalie: mkojo wa kichocho hauchukuliwi hivyo. Hapo tunataka mwisho wa mkojo, si katikati. Sababu ndiyo jibu la swali lako la pili.

Minyoo ya kichocho cha mkojo inaishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume na jike wameshikana. Jike anataga kila siku. Mayai yanapenya ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo, na sehemu kubwa hayafiki, yanakwama ndani ya ukuta. Mwili unayazungushia uvimbe mdogo mdogo, ukuta unakuwa na vidonda na vijitundu vinavyovuja. Sasa fikiria kibofu kinavyokojoa. Mwanzo kimetanuka, ukuta hauna mkunjo mkali, mkojo unatoka wa kawaida. Mwishoni kinajikamua mpaka kuta zinagusana, kama mtu anayekamua tambara. Kinachokamuliwa hapo ni ukuta wenyewe: damu na mayai. Ndiyo maana matone ya mwisho ni mekundu.

Ukielewa hilo una kipimo cha bure. Mwulize mtu damu inakuja wakati gani. Ikija mwanzo tu kisha mkojo ukasafika, chanzo kiko kwenye mrija wa mkojo. Ikija mwishoni, ni kibofu, hasa karibu na mlango wake, au kwa mwanaume tezi dume. Mkojo wote ukiwa na rangi ya damu mwanzo mpaka mwisho, damu ilichanganyika nao kabla: kibofu kinachovuja sana, ureta au figo. Damu iliyotoka kwenye vichujio vya figo mara nyingi inaugeuza mkojo rangi ya chai ya mkandaa au Coca-Cola, haina mabonge. Mabonge ni dalili ya chini zaidi. Kipimo hiki hakitoi hukumu, kinakuonyesha pa kuanzia. Kwa wasichana uliza kwanza kama yuko kwenye hedhi. Na mtu anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini mkojo wake unakuwa wa rangi ya chungwa bila damu hata tone.

Mayai yanatoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo sampuli ya alfajiri inaweza kuonyesha hakuna kitu wakati mgonjwa anao. Mtoto atembee au aruke kamba kidogo kabla ya kutoa. Tunatikisa kikopo, maana mayai yanazama chini, na hapa wengi wanakosea wanachota maji ya juu. Tunavuta mililita 10 kwa bomba la sindano, tunapitisha kwenye kichujio chenye matundu madogo, tunaweka kichujio chini ya hadubini. Yai la kichocho cha mkojo lina mwiba mmoja kwenye ncha. La kichocho cha tumbo mwiba wake uko ubavuni. Mayai 50 au zaidi katika mililita 10 ni maambukizi mazito.

Taja pia tofauti ya mahali, maana watu wanachanganya. Unguja na Pemba, Kwale na bonde la Mto Tana ni kichocho cha mkojo. Ufukweni mwa Ziwa Victoria kinachotawala ni cha tumbo, ingawa ukiingia bara kwenye madimbwi na majaruba unakutana na cha mkojo. Konokono wa majini wanaobeba minyoo hiyo si wa aina moja.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa mara moja. Mtoto wa kilo 30 anapata 1,200, yaani vidonge viwili vya 600, na anywe akiwa ameshakula. Inaua minyoo mizima, si michanga, kwa hiyo aliyeambukizwa wiki chache kabla anaweza kuhitaji kurudia. Wala haimkingi akirudi kuoga bwawani.

Jambo moja zito usiliache. Mayai yanayokwama mwisho wa ureta, pale pembamba alipopataja Nesi, yanaacha kovu. Ureta inabanwa taratibu, mkojo unajaa juu, fuko la figo linatanuka na figo inasagika kwa miaka bila maumivu yoyote. Na kibofu chenye kidonda cha miaka mingi kinaweza kupata saratani. Sehemu fulani wanasema mvulana kukojoa damu ni dalili ya kubalehe. Hapana. Pigeni vita neno hilo waziwazi mbele ya wazazi.

DaktariWaZamu amejibu:

Nyongeza kwa Nesi kabla ya kiuno. Kusema mkojo haurudi ni sahihi kwa mwenye afya, ila kuna makundi matatu ambako unarudi au unajaa juu. Watoto waliozaliwa na ule mfereji wa ukutani ukiwa mfupi: mlango haufungi, na UTI zinazojirudia zenye homa kwa mtoto mdogo ndizo zinazotufanya tutafute hilo. Wazee wenye tezi dume iliyokua: tezi imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete, kibofu kinasukuma kwa nguvu miaka mingi, mwisho kinashindwa, presha inapanda mpaka kwenye figo. Na wajawazito: homoni inalegeza misuli ya ureta na mji wa mimba unaikandamiza, hasa ya kulia, kwa hiyo mkojo unatuama. Bakteria wasio na dalili yoyote kibofuni wanapanda figoni kwa urahisi, ndiyo maana mkojo unapimwa kliniki hata kama mama hajisikii vibaya.

Kiuno. Weka mkono wa mgonjwa mahali panapouma, usimwulize kwa mdomo. Figo iko juu kuliko watu wanavyodhani, kwenye pembe kati ya ubavu wa mwisho na uti wa mgongo. Anayeshika chini, usawa wa mkanda wa suruali, pande zote mbili, na maumivu yanaongezeka akiinama au akibeba ndoo, huyo mara nyingi ni misuli na pingili. Maambukizi ya figo yanakuja na homa, kutetemeka, kichefuchefu, na ukigonga taratibu kwa ngumi pale kwenye pembe anaruka. UTI ya kibofu peke yake inaungua na kumpeleka msalani kila mara, ila haileti homa kubwa. Jiwe kwenye ureta lina tabia yake: maumivu yanakuja kwa mawimbi, yanaanzia ubavuni yanashuka kwenye kinena mpaka korodani au mashavu ya uke, na mgonjwa hatulii, anageuka huku na huku. Mwenye tumbo lililoingia usaha analala kimya bila kujitikisa. Jiwe la chini ya milimita 5 kwa kawaida linatoka lenyewe; likifika 10 usitegemee.

Lakini ninalotaka akina mama waondoke nalo ni kinyume cha swali: figo zinazokufa kwa kisukari na presha haziumi. Kiuno kizima, mkojo mwingi, mtu anatembea. Ishara ya mapema ni albumini (protini ya damu) kidogo kwenye mkojo, ambayo macho hayaioni. Povu linalokaa juu ya mkojo bila kuvunjika lichukuliwe kwa uzito, ila lisisubiriwe. Mwenye kisukari au presha apimwe mkojo na kreatinini, takataka ya damu ambayo figo huitoa, kila mwaka.

Na kreatinini isomwe na umri, jinsia na mwili wa mtu. Inatoka kwenye misuli. Namba hiyohiyo ya mikromoli 110 kwa lita kwa kijana wa miaka 25 mwenye misuli ni uchujaji wa karibu mililita 80 kwa dakika. Kwa bibi wa miaka 70 ni chini ya 50, na uchujaji chini ya 60 kwa miezi mitatu ni ugonjwa sugu wa figo. Uchujaji unaweza kushuka kwa nusu hivi kreatinini ikiwa bado ndani ya viwango vya kawaida vilivyo kwenye mabano ya karatasi ya majibu.

Kiuno hicho ambacho si figo ndicho kinachokuja kuua figo, kwa njia ya duka la dawa. Nefroni ameeleza presha ndani ya kifundo. Mshipa unaoingiza damu unawekwa wazi na kemikali ziitwazo prostaglandini, hasa mtu akiwa mzee, ameharisha, ana upungufu wa maji au anatumia dawa za presha. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazuia kemikali hizo. Mshipa unabana, presha inaanguka, uchujaji unashuka. Siku mbili tatu kwa kijana mwenye afya hazina shida kubwa. Kila siku kwa miezi, au wakati wa kuharisha, ni hatari. Mwenye tatizo la figo aanze na parasetamoli.

MhudumuKijiji:

Mungu awabariki, nimeandika kurasa nne. Mawili ya mwisho. Lita ngapi za maji kwa siku? Kuna watu wanahimizana lita 6 "kusafisha figo", wengine madafu. Na naweza kuonyesha figo ya mbuzi darasani, inafanana na ya binadamu?

Nefroni amejibu:

Figo haisafishwi kwa kumwagiwa maji, inasafisha damu kwa kasi yake ileile. Kwa mtu mzima angalia kinachotoka: mkojo wa manjano hafifu, lita 1.5 hadi 2 kwa siku. Anayelima juani atahitaji kunywa zaidi sana kupata kiasi hicho kuliko aliyekaa kivulini. Aliyewahi kupata jiwe alenge mkojo wa lita 2 hadi 2.5. Kikomo cha chini ni nusu mililita kwa kilo kwa saa: mtu wa kilo 60 asipotoa hata mililita 30 kwa saa, siku nzima chini ya 720, kuna tatizo. Kikomo cha juu nacho kipo, figo zinaweza kutoa kama lita moja kwa saa. Anayekunywa kwa kasi inayozidi hapo kwa saa kadhaa anaizimua sodiamu (chumvi) ya damu mpaka ubongo unavimba. Madafu ni mazuri kwa mzima. Kwa mwenye figo zilizochoka ni sumu, yana potasiamu nyingi ambayo hawezi kuitoa, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama.

Figo ya mbuzi inafaa, ya ng'ombe hapana: ile ina vinundu vinundu nje na haina fuko moja la kukusanyia mkojo. Agiza buchani mapema, mwambie asivue mafuta na aache kipande cha ureta kinachoning'inia, sm 5 au zaidi. Kabla ya kukata, tafuta mirija mitatu kwenye mbonyeo ulio upande wa ndani wa figo. Ateri ina ukuta mgumu, ukiibonyeza inarudi kuwa wazi. Vena ni pana na imelala. Ureta ni nyeupe na imezungukwa na mafuta. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, liingize kwenye ureta, funga kwa uzi, sukuma mililita 5 za maji yenye rangi ya chakula taratibu. Fuko litatuna mbele yao. Hicho ndicho kinachotokea ureta ikizibwa na jiwe au kovu la kichocho.

Kisha kata kwa kisu kikali kwa urefu, kutoka ukingo wa nje kuelekea mbonyeo, kama unavyopasua embe kufuata kokwa. Gome la nje lina rangi ya kahawia nyekundu na linaonekana kuwa na chembechembe, ndiko viliko vile vifundo. Ndani ni medula yenye mistari, hiyo ni mirija. Mbuzi ana tuta moja la medula. Binadamu ana piramidi kadhaa, mara nyingi 8 au zaidi, kila moja ikidondoshea kwenye kikombe chake, kwa hiyo chora hilo pembeni. Rangi uliyoisukuma itakuwa imebaki kwenye fuko. Tumia figo ya siku hiyohiyo. Ikigandishwa na kuyeyushwa gome na medula vinachanganyika rangi, na wa nyuma darasani hataona kitu.